Maswali ya Wasomaji: Kocha Mmoja, Michezo Minne

Katika toleo lililopita, makala yetu kuhusu asili ya mpira wa kikapu ilimtaja kwa sentensi moja tu Amos Alonzo Stagg, Mmarekani aliyefundisha futiboli, besiboli, riadha na mpira wa kikapu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua chache, tukazifupisha bila kugusa kiini chake. Ili tusirudie maelezo kila mara, msomaji aelewe kwamba tunaposema futiboli humu tunamaanisha ule mchezo wa Marekani wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi na kugombewa kwa kukabana na kuangushana, wala si kandanda tuliyoizoea.

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, na ninafundisha mpira wa miguu, netiboli na riadha kwa sababu hakuna mwingine wa kuzifundisha. Nimeshangaa kusoma kwamba chuo kikuu kikubwa cha Marekani nacho kilimkabidhi mtu mmoja michezo minne. Je, ni uhaba wa walimu kama huku kwetu, au kulikuwa na sababu nyingine? — Mwalimu, Morogoro*

Marahaba, Mwalimu. Uhaba ulikuwepo, lakini sababu kubwa ni aina ya kazi aliyopewa. Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua milango Oktoba 1892, kikiwa na fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller lakini kikiwa hakina wahitimu, hakina mila, wala jina la kushindana na Yale au Harvard. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alikuwa msomi wa Kiebrania na Biblia, na kabla ya hapo alifundisha Yale, ambako mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana mrushaji hodari wa besiboli aliyetaka kuwa mchungaji. Kijana huyo ndiye Stagg, aliyezaliwa West Orange, New Jersey, tarehe 16 Agosti 1862. Timu za kulipwa zilimtaka, akazikataa. Kisha akatambua kwamba hana ulimi wa kuhubiri, akaacha masomo ya dini na kujiunga na shule ya YMCA mjini Springfield, Massachusetts, iliyokuwa ikiwaandaa walimu wa elimu ya viungo.

Harper alimfuata kabla hata majengo ya chuo hayajakamilika. Kwa simulizi ya Stagg mwenyewe, rais alianza kwa kutaja dola 1,500 kwa mwaka, Stagg akanyamaza akiwaza. Akaongeza hadi 2,000, Stagg bado akawa kimya. Ndipo akafikia dola 2,500 pamoja na cheo cha profesa mshiriki chenye ajira ya kudumu. Hatujui ni wangapi miongoni mwetu wangeweza kunyamaza kiasi hicho. Jambo la kuzingatia hapa, hata hivyo, si mshahara bali cheo. Stagg hakuajiriwa awe kocha wa timu fulani. Aliajiriwa kuwa mkuu wa idara ya elimu ya viungo na michezo, akiwa na hadhi sawa na mkuu wa idara ya fizikia au ya Kilatini, na kazi ya idara hiyo ilikuwa kuhakikisha kwamba wanafunzi wote wanafanya mazoezi ya mwili. Timu za chuo zilikuwa tawi moja la kazi hiyo, na kwa hiyo zote ziliangukia mikononi mwake.

Kalenda nayo ilisaidia. Futiboli ilichezwa majira ya vuli, mpira wa kikapu ulichezwa ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali, besiboli na riadha zikafuata katika machipuko. Mtu mmoja aliweza kuhama kutoka mchezo hadi mchezo jinsi miezi ilivyokuwa ikibadilika, isipokuwa katika machipuko, ambapo besiboli na riadha ziligongana mchana ule ule, naye akalazimika kuwategemea wasaidizi na manahodha wa wanafunzi. Katika msimu wa kwanza kabisa wachezaji wa futiboli walikuwa wachache mno hata Stagg mwenyewe aliingia uwanjani kucheza, jambo ambalo siku hizi lingefungua kesi. Kwa ujumla aliongoza futiboli misimu 41, kuanzia 1892 hadi 1932. Besiboli kuanzia 1893 hadi 1913, akipumzika mwaka 1906 tu. Riadha kwa miongo kadhaa. Na mpira wa kikapu kwa msimu mmoja, wa 1920 hadi 1921, baada ya kocha aliyekuwapo, Pat Page, kuhamia Chuo cha Butler mjini Indianapolis.

Kwa hiyo, Mwalimu, idadi ya michezo yenu inakaribiana, lakini mamlaka yenu hayakaribiani hata kidogo. Stagg aliamua mwenyewe uwanja utumikeje, vifaa vinunuliwe vingapi na msaidizi aajiriwe nani. Wewe, kama tunavyoelewa hali ya shule nyingi, unagawiwa vipindi vya Jiografia kwanza, kisha unaulizwa kwa nini timu imefungwa.

*Kuna mahali nimesoma kwamba Stagg ndiye aliyebuni karibu kila kitu katika futiboli: wachezaji kukusanyika duara kabla ya mpira kuanza, namba za jezi, hata mdoli wa kufanyia mazoezi ya kukaba. Tuamini? — Msomaji, Mombasa*

Amini nusu, na nusu nyingine iweke pembeni. Mdoli wa kukaba una ushahidi mzuri: unahusishwa naye tangu siku zake za Yale, alipotundika godoro lililokunjwa ili wachezaji walirukie badala ya kuumizana wao kwa wao. Kizimba cha wavu cha mazoezi ya kupiga mpira wa besiboli nacho hutajwa kuwa chake. Kuhusu kukusanyika duara, wapo wengine wenye dai zito: wachezaji wa Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, walianza kufanya hivyo katika miaka ya 1890 ili wapinzani wasione ishara zao za mikono. Namba za jezi zina wadai wengi zaidi, na hatuoni sababu ya kumtangaza mshindi.

Kuna sababu iliyomfanya apewe sifa nyingi kiasi hicho. Alifundisha muda mrefu kuliko wenzake wote, akakaa kwa miongo katika kamati iliyotunga kanuni za mchezo, na wanafunzi wake wakatawanyika kuwa makocha kila upande wa nchi. Mtu wa namna hiyo akitumia mbinu mara moja, mbinu inasambaa ikiwa na jina lake, hata kama wengine waliitumia kabla yake.

Upande wa mpira wa kikapu ndio unaotuvutia zaidi, kwa kuwa huko alikuwa shahidi kabla ya kuwa mwalimu. James Naismith, aliyeubuni mchezo huo Springfield Desemba 1891, alikuwa ameichezea timu ya futiboli ambayo Stagg aliiunda katika shule ile. Katika mechi ya kwanza iliyochezwa mbele ya watu, Machi 1892, wanafunzi waliwashinda walimu 5 kwa 1, na kikapu pekee cha walimu kilifungwa na Stagg. Akauchukua mchezo hadi Chicago, na tarehe 18 Januari 1896 timu yake ikasafiri hadi Iowa City na kushinda 15 kwa 12 katika mechi ambayo kila upande ulikuwa na wachezaji watano bila wa akiba. Wengi huihesabu kuwa mechi ya kwanza ya vyuo ya watu watano kwa watano. Wapo wanaoipinga, wakisema wachezaji wa Iowa walikuwa kweli wanafunzi wa chuo kikuu lakini walivaa jezi kwa niaba ya YMCA. Mwaka mmoja kabla, huko Minnesota, vyuo viwili vilikuwa vimeshacheza watu tisa kwa tisa. Msomaji achague anachokiita mwanzo.

*Mtu anayefundisha michezo minne lazima awe hodari katika mmoja na wa kubahatisha katika mingine. Stagg alikuwa hodari wapi? — Msomaji, Dar es Salaam*

Katika futiboli, bila shaka yoyote. Timu zake za Chicago zilitwaa ubingwa wa vyuo vya Kati Magharibi, umoja ambao baadaye ulijulikana kama Big Ten, mara saba: 1899, 1905, 1907, 1908, 1913, 1922 na 1924. Ushindi wake katika maisha yote ya ukocha huhesabiwa kuwa 314, rekodi iliyosimama hadi mwaka 1981 ilipovukwa na Bear Bryant wa Alabama.

Mechi inayomweleza vizuri zaidi ni ile ya 30 Novemba 1905 dhidi ya Michigan. Michigan, chini ya kocha Fielding Yost, ilikuwa imecheza mechi 56 mfululizo bila kufungwa, ikiwaangushia wapinzani mvua ya pointi kiasi kwamba ilisemekana inapata pointi moja kila dakika. Mbele ya watazamaji zaidi ya 25,000, Chicago ilishinda 2 kwa 0. Pointi hizo mbili zilipatikana wakati mchezaji wa Michigan aliyekuwa na mpira alipoangushwa ndani ya eneo lake la mwisho. Hakuna bao lililofungwa na upande wowote. Kulikuwa na kupiga mpira mbali, kuwasukuma wapinzani warudi nyuma yadi baada ya yadi, na kungoja wakosee. Kwa anayependa mabao mengi ni mechi ya kuchosha, ila wanafunzi wa ukocha wangefaa kuisoma kuliko ushindi wa pointi mia.

Katika besiboli alikuwa kocha mzuri, mwenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Riadha ilimpeleka mbali: mwaka 1900 alikwenda na wanariadha wa chuo chake katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, na mwaka 1924, Paris tena, alikuwa miongoni mwa walimu wa timu ya riadha ya Marekani. Mpira wa kikapu ameufundisha msimu mmoja tu, lakini mchango wake huko ulikuwa wa uongozi: alianzisha mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari yaliyofanyika chuoni kwake kuanzia 1917, na hilo lilisaidia kusambaza kanuni za aina moja katika nchi ambayo kila mji ulikuwa ukicheza kwa namna yake. Jumba la Heshima la Mpira wa Kikapu lilimwingiza katika kundi la kwanza kabisa, 1959. Lile la futiboli ya vyuo lilikuwa limeshampokea mwaka 1951, kama mchezaji na kama kocha.

Tuongeze jambo moja kwa kuwa umegusia kubahatisha. Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu, aliufundisha katika Chuo Kikuu cha Kansas kuanzia 1898 hadi 1907, akafungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Hakuonekana kujali.

*Mhariri, mnamsifu mno. Mtu mmoja kushika fedha, uwanja na timu zote ni njia ya moja kwa moja kwenda kwenye ubadhirifu. Hakuna aliyemhoji? Na aliondokaje? — Mwanafunzi wa sheria, Nairobi*

Swali zuri, na ndilo lililotufanya tuirefushe safu hii. Hatuna habari kwamba alijinufaisha. Kwa sifa zote alikuwa mtu mkavu, asiyekunywa pombe wala kuvuta sigara, aliyebana senti ya idara kana kwamba ni yake. Tatizo lilikuwa jingine. Kwa muda mrefu mapato ya viingilio yaliingia katika idara yake na kutumika kwa uamuzi wake, na wakubwa wa chuo hawakutaka kuuliza sana kwa sababu futiboli ilikuwa ikikijengea chuo jina, kama Harper alivyotaka tangu mwanzo. Idara iliyoundwa ili wanafunzi wote wafanye mazoezi ikageuka kuwa mtambo wa kulea timu moja.

Mwaka 1905, huo huo wa ushindi dhidi ya Michigan, magazeti ya Marekani yaliandika kwa ukali jinsi vyuo vya Kati Magharibi, Chicago kikiwemo, vilivyowavuta wachezaji wasio na sifa za kimasomo. Nyota wa Chicago wakati huo, Walter Eckersall, alikuwa mchezaji wa kutisha uwanjani, akaondoka chuoni bila shahada. Mashindano ya riadha ya sekondari ambayo Stagg alianza kuyaandaa mwaka 1902 yalikuwa na faida ya kweli kwa vijana, lakini pia yaliwaleta chuoni wanamichezo bora wa sekondari, wakakagua mazingira na wao wakakaguliwa. Ni vigumu kutenganisha elimu na usajili hapo, na tunadhani Stagg mwenyewe hakujaribu kuvitenganisha.

Mwaka huo pia vifo vya wachezaji katika futiboli nchini kote vilimfanya Rais Theodore Roosevelt awaite viongozi wa vyuo Ikulu. Matokeo yake ni mabadiliko ya kanuni ya mwaka 1906, ikiwemo ruhusa ya kurusha mpira mbele kwa mkono, na kuundwa kwa chombo ambacho leo ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Stagg alikuwa upande wa wanaotaka mchezo urekebishwe na usifutwe, na katika hilo alishinda.

Hakushindwa na kashfa. Alishindwa na kalenda na rais mpya. Robert Maynard Hutchins alichukua uongozi wa chuo mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 30, na hakuona kwa nini chuo cha wasomi kishughulike na futiboli ya maonyesho. Stagg alipofikisha miaka 70, mwaka 1932, alitakiwa kustaafu ukocha kwa mujibu wa kanuni ya umri. Akapewa nafasi nyingine ya heshima chuoni; akaikataa, akisema anataka kufundisha timu. Hutchins alikwenda mbali zaidi mwishoni mwa 1939, chuo kilipoifuta timu ya futiboli kabisa, na haikurejea rasmi hadi 1969, ikiwa ndogo na isiyo na ufadhili wa wanamichezo. Ndugu yetu wa sheria ataona kwamba cheo cha uprofesa kilichomlinda Stagg miaka 40 ndicho kilichomwondoa: wakati huo profesa alikuwa na umri wa kustaafu, kocha hakuwa nao.

Naye hakuukubali umri huo. Alihamia California, akafundisha Chuo cha Pacific mjini Stockton kuanzia 1933 hadi 1946, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Kisha akajiunga na mwanawe, Amos mdogo, aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Susquehanna huko Pennsylvania, wakafanya kazi pamoja hadi 1952. Mkewe, Stella, aliyekuwa akimchorea mienendo ya wachezaji tangu enzi za Chicago, alipodhoofika walirudi Stockton, na huko aliendelea kuwafundisha vijana wa chuo cha mji kupiga mpira hadi alipovuka miaka 95. Alifariki tarehe 17 Machi 1965, akiwa na miaka 102.

*Je, ni kweli kwamba bomu la atomiki lilianzia katika uwanja wake? — Msomaji, Tanga*

Bomu lenyewe halikutengenezwa hapo, ila hatua kubwa ya kulielekea ilipigwa hapo. Baada ya futiboli kufutwa, majukwaa ya Stagg Field yalibaki matupu, na tarehe 2 Desemba 1942 Enrico Fermi na wenzake walifanikisha, katika ukumbi mmoja chini ya jukwaa la magharibi, mmenyuko wa kwanza wa nyuklia unaojiendeleza wenyewe na kudhibitiwa na binadamu. Stagg wakati huo alikuwa Stockton, akifundisha.

*Nimeishi Marekani miaka mingi na wanangu wamesoma katika chuo cha Wamarekani Weusi. Makala zenu huzungumzia vyuo vya wazungu tu. Je, huko hakukuwa na makocha wa michezo mingi? — Mama Mtanzania, Houston*

Walikuwepo, Mama, na walidumu kuliko hao wa vyuo vya wazungu, kwa sababu ambayo Mwalimu wetu wa Morogoro ataitambua mara moja. Chicago kilimpa Stagg michezo mingi kwa kuwa kilitaka kumpa mamlaka. Vyuo vya Weusi, vilivyonyimwa fedha na majimbo yaliyovitenga, vilimpa mtu mmoja michezo mingi kwa kuwa havikuwa na mshahara wa pili.

Mfano bora ni Clarence Gaines, aliyezaliwa Paducah, Kentucky, mwaka 1923. Alisoma Morgan State, Baltimore, chini ya Edward Hurt, ambaye naye aliongoza futiboli, mpira wa kikapu na riadha kwa wakati mmoja. Gaines alifika Winston-Salem, North Carolina, mwaka 1945 akiwa msaidizi. Mwaka uliofuata bosi wake akaondoka, na kijana wa miaka 23 akajikuta kocha mkuu wa futiboli, kocha mkuu wa mpira wa kikapu na mkurugenzi wa michezo, huku akiingia darasani kufundisha na kushughulikia majeraha na tiketi. Mwaka 1948 alitambuliwa kuwa kocha bora wa futiboli katika umoja wa vyuo vyao, CIAA. Mwaka mmoja baadaye aliiacha futiboli na kubaki na kikapu, na hapo ndipo alipojijengea jina: ushindi 828 hadi alipostaafu mwaka 1993, pamoja na ubingwa wa 1967, akiwa na mchezaji Earl Monroe, ambao ulikuwa wa kwanza wa kitaifa wa NCAA katika mpira wa kikapu kwa chuo cha Weusi. Tunamwona Gaines kuwa kocha mkubwa kuliko Stagg kwa kipimo cha kile alichokifanya kwa kile alichopewa, na hatutashangaa barua za kutupinga zikija.

Kwa haki, tuseme pia kwamba kilikuwepo chuo kidogo cha wazungu kilichoendeleza mtindo huo kwa hiari. Tony Hinkle alikuwa mwanafunzi wa Chicago enzi za Stagg, akamfuata Pat Page hadi Butler mwaka 1921, akaongoza huko futiboli, besiboli na mpira wa kikapu hadi 1970, akitoka kwa ajili ya utumishi wa jeshi la majini tu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ukumbi wa Butler una jina lake tangu 1966. Na kila mtazamaji wa kikapu, awe Houston au Upanga, anamdai shukrani: ndiye aliyesukuma mpira ule upakwe rangi ya machungwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa ule wa kahawia ulikuwa haukuonekana vizuri.

*Mwanangu wa kiume amepata nafasi ya kukimbia katika chuo cha Marekani. Ameambiwa atakuwa na kocha mmoja lakini michezo mitatu. Hatukuelewa. Je, siku za makocha wa michezo mingi hazijaisha? — Mzazi, Eldoret*

Hongera, Mzazi. Kwa futiboli, besiboli na kikapu katika vyuo vikubwa zimekwisha. Msimu wa kila mchezo umerefuka, usajili unafanyika mwaka mzima, na kocha mkuu wa futiboli sasa ana jeshi la wasaidizi ambalo Stagg angelishangaa. Kwa mwanao hali ni nyingine. NCAA huhesabu mbio za nyika, riadha ya ukumbini na riadha ya uwanjani kuwa michezo mitatu tofauti, kila mmoja ukiwa na ubingwa wake, na katika vyuo vingi mkurugenzi mmoja anaiongoza yote: nyika katika vuli, ukumbi wakati wa baridi, uwanja katika machipuko. Ni kalenda ile ile ya Stagg, ila aliyebaki ndani yake ni kocha wa wakimbiaji.

Watu wa kwenu na wa kwetu wamepita katika mikono ya makocha wa aina hiyo. Henry Rono alikimbia chini ya John Chaplin katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, akashinda ubingwa wa nyika wa vyuo mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni: mita 5,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji akiwa Marekani, kisha mita 10,000 mjini Vienna na mita 3,000 mjini Oslo. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas tawi la El Paso chini ya Ted Banks, na mwaka huo huo wa 1980 akatwaa ubingwa wa nyika wa vyuo.

Faida ya kocha mmoja ni kwamba anamjua mkimbiaji mwaka mzima na anaweza kupanga mazoezi kwa kuangalia mbali. Hasara ni kwamba kocha huyo anahitaji pointi katika vuli, baridi na machipuko, na mkimbiaji hodari wa masafa marefu ndiye anayeweza kumpatia katika misimu yote mitatu, mara nyingine katika mbio mbili au tatu za shindano moja. Kabla ya kutia sahihi, muulizeni kocha maswali haya: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukimbia misimu mingapi, je, kuna msimu anaoweza kupumzishwa bila kupoteza ufadhili wake, na je, mazoezi ya masafa marefu yanasimamiwa na mkurugenzi mwenyewe au na msaidizi, na msaidizi huyo ana mkataba wa muda gani. Majibu yaombeni kwa maandishi.